Siku Kisu Chetu Kilipotokea kwenye Televisheni

Mimi ndiye ninayetia mipini. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu ukikitazama kile kipindi cha televisheni utadhani visu vya nyumbani kwetu Koboko huzaliwa na mipini yake tayari. Mume wangu anafua, mimi natia mpini, na katikati kuna kazi ya tupa ambayo tunagawana kwa kuwa ni ndefu na inavunja mgongo. Ndivyo tulivyoishi miaka yote ya ndoa yetu. Watoto wetu wamekua wakisikia nyundo upande mmoja wa ua na msumeno wangu upande wa pili, na wote wameapa hawataki kazi hiyo.

Visu vyetu ni vya aina mbili. Vya jikoni navitia misumari ya chuma ya kawaida. Vya kuchinja navitia misumari ya shaba, ambayo naikata kutoka kwenye makufuli mabovu na koki za bomba zilizochakaa. Mchinjaji akiona shaba kwenye mpini anajua kwamba makali yale yamepitishwa polepole juu ya ukucha wa kidole gumba, kutoka mwanzo hadi ncha, na hayakukwama popote. Anajua pia kwamba kisu hicho hakijagusa nyama ya aina yoyote tangu kitoke motoni. Sheria hiyo tumeachiwa na baba mkwe wangu, aliyejifunzia ufundi kwenye karakana ya jeshi, kisha akarudi nyumbani akawa anawafulia wachinjaji. Kisu cha kuchinja hakijaribiwi kwa nyama. Damu yake ya kwanza iwe ya mnyama aliyesomewa bismillahi, basi. Wachinjaji wa Koboko na wa Arua, wengi wao watoto na wajukuu wa askari kama sisi, hawakuwa wakiuliza zaidi ya hapo. Wakiona shaba, wananunua.

Siku watu wa televisheni walipofika, aliyetangulia kushuka garini alikuwa binti mmoja wa Kampala, msimamizi wao, mpole kupita kiasi. Mtu mpole kupita kiasi hunitia wasiwasi. Aliingia uani akivua viatu mahali ambapo hakuna anayevua viatu, akasifu kuku wangu, akasifu masufuria yangu, akasifu hata mvukuto wa mume wangu ambao umeshonwa viraka kila upande. Nikajisemea moyoni kwamba huyu anatuvisha kilemba cha ukoka. Mume wangu yeye alikuwa amekwisha kuyeyuka.

Tena sikumshangaa. Kwa muda mrefu alikuwa akitazama kwenye simu ya kijana wetu wa kwanza yale mashindano ya wafua visu wa ng'ambo: wanaume wenye ndevu nene na aproni za ngozi, wanakimbizana na saa, wanapiga chuma cheche zinaruka, kisha wanakatakata kamba, magogo na mifupa huku majaji wakikunja uso. Alikuwa akiyapenda kuliko taarifa ya habari. Mimi nilikuwa nikichungulia begani kwake na kuuliza swali lile lile kila mara: wanapiga tupa saa ngapi? Maana sikuwahi kuona mtu ameinama na tupa mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Chuma kinatoka motoni, wanakizungusha kidogo, muziki unapiga, tayari ni kisu kinachong'aa. Hata chai haijapoa. Mzee alikuwa akiniambia ninyamaze nimwache ajifunze.

Basi hao wa Kampala nao walikuwa wanatengeneza shindano lao la hapa nchini. Mafundi wanne kutoka pande mbalimbali, majaji wawili, na zawadi moja kwa mshindi: nyundo ya umeme, ile mashine inayopiga yenyewe huku wewe umeshika chuma tu. Yule binti alipoitaja, nilimwona mume wangu akishika bega lake la kulia bila kujua kwamba amelishika. Bega hilo lilikuwa limeanza kumtupa. Kulikuwa na asubuhi nilikuwa namvalisha shati mimi, na hakuna mtu nje ya nyumba yetu aliyelijua jambo hilo. Hapo nikaelewa kwamba hata nikisema nini, tutakwenda.

Kwanza walitaka kupiga picha za nyumbani. Nilikaa kwenye kigoda changu nikawatazama kwa jicho la pembeni toka asubuhi. Tuna grainda ya umeme ya kusagia chuma, tumeinunua kwa jasho letu. Waliifunika kwa gunia, wakasema inaharibu picha. Waya wa umeme unaopita juu ya banda waliufunga pembeni kwa kamba. Moto wetu wa makaa ni moto wa kazi, mdogo na mkali, unakaa chini. Wao wakaona hauonekani, wakamwagia dizeli, ukaruka hadi mabatini, kuku wote wakakimbilia kwa jirani. Halafu wakamtaka mzee apige nyundo, apige tena, apige tena, mpaka chuma kikapoa kabisa na yeye bado anapiga, kwa sababu mlio wa chuma baridi ni mzuri zaidi. Mfuachuma akimwona mwenzake anapiga chuma baridi anadhani amerukwa na akili. Mzee alipiga. Bega lake lilikuwa linamuuma, niliona kwa jinsi alivyobana meno, lakini alipiga.

Nami waliniuliza juu ya shaba. Nikaeleza makufuli, nikaeleza koki za bomba, nikawaonyesha kopo langu lenye vipande vipande. Yule binti akaniuliza kwa sauti laini kama si maganda ya risasi. Nikamwambia hapana, ni kufuli la mlango wa duka moja la pale sokoni, mwenyewe alinipa lilipokataa kufunguka. Akauliza tena, labda zamani, wakati wa vita? Nikamwambia hata zamani. Akaandika kitu, na machale yakanicheza. Mwisho kabisa wakanipa jagi la maji nimpelekee mume wangu. Nikalipeleka. Walikuwa wamekaa kwangu siku nzima, na msumeno wangu hawakuugusa hata kwa kamera.

Shindano lenyewe lilifanyika nje kidogo ya Arua, upande wa Manibe, katika ua mkubwa walioukodi kwa mtu mwenye mashine ya kusaga. Tulitoka Koboko mapema. Kwenye begi lake mzee alikuwa ameweka vipande vya mkwaju nilivyomkatia, tayari kwa mpini, pamoja na misumari ya shaba. Shaba niliiona nikaishika. Nikamuuliza hii ya nini, wakati kisu anachokwenda kufua si cha mchinjaji. Akasema yule binti ameiomba kwa kuwa inang'aa vizuri kwenye picha. Nikamuuliza watakijaribu kwa nini. Akasema kamba na mbao, amekwisha kuulizia. Sikuridhika, lakini nikairudisha begini.

Sisi wake na ndugu hatukuingia uani. Walitujengea hema nje ya geti, wakatupa soda, wakatuelekeza kwamba tutakapoitwa tukimbie tuwakumbatie wanaume wetu, na atakayeweza kulia alie. Nikamwambia yule binti kwamba mimi sikimbii, nina magoti mabovu, na kulia nalia nyumbani kwangu. Akacheka kana kwamba nimefanya mzaha. Kwa hiyo yaliyotokea ndani siku ile sikuyaona kwa macho yangu. Nilisikia nyundo, nikasikia grainda (ya kwao haikuharibu picha), nikasikia watu wakipiga makofi. Jua lilipoanza kushuka geti likafunguliwa. Mzee alikuwa amechukua nafasi ya pili. Nyundo ya umeme ilikwenda kwa fundi wa Kampala, na mume wangu akapewa kofia na aproni yenye jina la kipindi.

Njiani kurudi alikuwa kimya. Nikadhani ni uchungu wa kushindwa, nikamwacha. Tulipokaribia nyumbani ndipo nilipomuuliza kisu kiko wapi, akasema wamebaki nacho, watakiweka kwenye kabati la vioo huko kwao. Nikamuuliza kama walikijaribu kwa kamba. Akasema kamba, na gogo, na kwamba mwishoni waliingiza nyama kidogo, ya mbuzi, ila yeye alikataa kupiga kwa kile kisu, akawaeleza desturi ya baba yake, wakamwelewa. Nilifurahi. Niseme ukweli, nilijivuna kwa ajili yake. Nilimwona baba mkwe wangu mbele ya macho yangu akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kipindi kilipotoka, sebule yetu ilijaa. Majirani, mashemeji, shangazi mzee wa mume wangu aliyekuja na mkeka wake mwenyewe. Walicheka walipoona moto umeruka hadi mabatini. Msimulizi akasema tunaishi mahali ambapo umeme haujafika, na taa yangu ya dari inawaka juu ya vichwa vyetu. Akasema mikono ya mfuachuma huyu inageuza risasi za vita kuwa visu vya amani. Kijana wetu alipiga kelele kwamba hiyo ni kufuli ya mama. Mimi nilitokea mara moja, nimebeba jagi. Baadaye walionyesha fundi mmoja kutoka Omugo akitikisa kichwa kwa dharau mume wangu anapofua, na mzee mwenyewe akasema si kweli, yule bwana walikuwa wakipeana maji siku nzima, alikuwa anafukuza nzi.

Kisha ikaja nyama. Ilikuwa mnyama mzima, hana kichwa, ananing'inia kwenye mnyororo. Mweupe, mnene, ngozi haikuchunwa bali imekwanguliwa. Mkono uliovaa glavu ukaonekana peke yake, bila uso, umeshika kisu. Misumari yangu ya shaba iling'aa kama yule binti alivyotaka. Kisu kikaingia begani mwa yule mnyama kikatokea kifuani, na jaji akasema maneno ya kusifu.

Mbuzi hachinjwi akakwanguliwa namna ile, kila mtu wa Arua anajua ni mnyama gani anayekwanguliwa. Nyama choma yake inauzwa waziwazi na wanaoila wanakula kwa raha zao, hatugombani nao. Lakini si kwa kisu chetu. Shangazi akaomba msamaha kwa Mungu kwa sauti ndogo, akakunja mkeka wake, akaondoka kabla mshindi hajatajwa.

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa ameshika kichwa. Akasema wamempiga chenga: kwamba baada ya mafundi kutoka, wale watu walikichukua kisu wakapiga wenyewe ili wapate picha, na kwamba mbuzi aliyemwona yeye siye huyu. Mkono uko kwenye glavu, alisema, ni mkono wa nani huo? Nami nikamwamini palepale. Kwa nini nisimwamini? Watu walioficha grainda chini ya gunia, waliogeuza kufuli kuwa risasi na nzi kuwa dharau, watashindwa nini?

Wachinjaji waliacha kuja. Hawakutukana wala hawakulalamika, waliacha tu kuja. Nilikwenda sokoni Koboko na kikapu changu nikarudi nacho vilevile, isipokuwa visu vya jikoni viwili. Wengine walikuwa wananisalimia kwa heshima zote huku macho yao yako kwenye mikono yangu. Ikanijia hasira ambayo sijapata kuwa nayo. Kile tulichokuwa nacho sisi si banda wala grainda. Ni kwamba mtu akiona shaba haulizi. Likiondoka hilo, tumebaki na vyuma chakavu.

Nikavaa nikaenda machinjioni, kwa mkuu wa wachinjaji, hajji mmoja aliyenunua kisu chake cha kwanza kwa baba mkwe wangu. Nikasimama mbele yake na wenzake wakiwa wanaosha sakafu, nikawaeleza uongo wa kile kipindi mmoja baada ya mwingine, mpaka wengine wakaanza kucheka, hasa pale pa dizeli na kuku. Nikawauliza, watu wa namna hii mnawaamini kuliko sisi? Hajji alinisikiliza hadi mwisho. Akasema tatizo si chuma, chuma kikigusa najisi kuna maji na kuna udongo, kinaoshwa na mambo yanaisha. Yeye anataka kujua kitu kimoja tu, kama mume wangu alipiga ama hakupiga.

"Wallahi, hajji," nikasema, "ile mkono si ya mzee wangu."

Akaniangalia, akasema imetosha. Kesho yake mchinjaji wa kwanza akaja bandani, na baada yake wengine. Nilisikia kwamba hajji mwenyewe alisimama baada ya sala akawaambia watu kuwa mama ameapa, wasitusumbue. Nilitia mipini juma lile nikiimba. Nilimwona mume wangu amepungua maneno, nikasema ni bega.

Tuna mahali petu Arua mjini, meza tu sokoni, ambapo huwa napeleka visu mara kwa mara. Nilikuwa pale nikipanga vitu vyangu, mtu mmoja akanisimamia akicheka. Ni yule fundi wa Omugo. Mwanamume mwenye furaha, hajui kinyongo. Akaniuliza habari za mzee, akatukana kile kipindi pamoja nami, akaapa kwamba wakirudi kule kwake Terego atawafukuza kwa koleo. Tulikuwa tunacheka sote. Halafu akasema kilichomuudhi zaidi ni kwamba hawakuonyesha chakula cha mle ndani, kabla geti halijafunguliwa. Yule nguruwe aliyekatwa wakamchoma wote wakala, mzee wangu peke yake akatafutiwa kuku.

Nikamuuliza nguruwe gani. Nilimuuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei.

"Si ile ya mnyororo, mama. Ile tulikata sisi wote." Akaendelea huku akipima uzito wa kisu kimojawapo mkononi. "Mzee yako alisimama sana. Mi nikafikiri atakataa. Halafu akafunga macho hivi, akapiga. Na alipiga muzuri, ile kisu ilipita tu."

Aliagana nami akaenda zake, hana habari ya alichokiacha pale mezani. Nikakaa. Kilichonichoma si nguruwe. Niliwaza hivi: kipindi kile kilidanganya juu ya moto, juu ya umeme, juu ya shaba, juu yangu mimi, juu ya mtu wa Omugo. Kitu kimoja tu katika kipindi chote kilikuwa kweli, na mimi nilikwenda kusimama machinjioni nikakiapia kwamba ni uongo. Yule binti wa Kampala, pamoja na unafiki wake wote, hakunidanganya juu ya kisu. Aliyenidanganya anakula kwangu.

Nilifika nyumbani mzee yuko bandani, anapiga tupa. Nikamwambia nimeonana na mtu wa Omugo. Tupa ikasimama. Hakuuliza amesema nini.

"Wenzangu wote walikuwa wamekata," akasema baadaye. "Kamera iko mbele. Mi nikafikiri ile nyundo, nikafikiri hii bega. Nikasema mara moja tu, nani atajua."

"Na mimi? Mi naenda kuapa, wewe iko hapa nanyamaza?"

"Ulienda bila kuniambia. Ulirudi iko nafurahi. Mi nilishindwa kusema."

Ni kweli sikumwambia ninakokwenda, lakini hilo halikunipoza hata kidogo. Nilimwambia aende kwa hajji. Akasema watu wamekwisha kutulia, wananunua, tukilichokonoa tena tutakufa njaa. Akasema kisu chenyewe kiko Kampala ndani ya kioo, hakuna mchinjaji yeyote aliyekishika, basi madhara yako wapi. Alisema kwa upole, na kila neno lilikuwa na akili ndani yake. Nilimsikiliza mume wangu akiongea namna ile nikajiuliza ni mara ngapi nimeusikia upole huo nikaridhika.

Sikugombana. Niliacha kutia mipini. Vya jikoni niliendelea navyo, maana tunakula; vya kuchinja niliviacha kama vilivyotoka kwake, chuma kitupu, vimepangwa juu ya benchi langu. Akija mchinjaji namwambia bado. Mzee alivumilia, kisha akajaribu kutia mpini mwenyewe. Alipasua mkwaju, akapasua mwingine, wa tatu ukashika lakini ukawa unacheza mkononi. Akautupa. Si kwamba hatukuongea, tuliongea habari za chumvi, za watoto, za mvua. Usiku alikuwa akigeuka upande mmoja kwa ajili ya bega, na mimi nikawa namsaidia kugeuka, kisha nalala nikimpa mgongo.

Asubuhi moja akanywa chai, akavaa kanzu, akasema twende. Nikavaa nikamfuata. Hatukuambiana tunakwenda wapi.

Hajji alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya machinjio, kazi imekwisha, wenzake wanafua aproni. Mume wangu hakukaa. Alisema yote, tena akiwa amesimama: mkono ni wangu, mnyama alikuwa nguruwe, nilimjua kabla sijapiga, na mama alipoapa hakujua. Alisema hili la mwisho mara mbili. Nilimpenda alipolisema, na bado nilikuwa na hasira naye.

Wale waliokuwa wakifua waliacha. Hajji akanigeukia mimi, si yeye.

"Mimi nilisimama mbele ya watu," akasema. "Nikasema mama ameapa."

"Najua, hajji."

"Sasa mi nasema nini?"

Akasema basi atasema kama alivyosikia, hataongeza wala kupunguza, na kiapo changu nitalipia kafara mwenyewe. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mchana huo nikavitia mipini visu vyote vilivyokuwa kwenye benchi.

Wapo waliotuhama, wananunua visu vya viwandani kutoka dukani, na siwalaumu. Wengi wamerudi, kidogo kidogo, kwa sababu makali ni makali. Lakini hawanunui kama zamani. Wanaingia bandani, wanamsalimia mzee vizuri, wanamuuliza bega, kisha wanakichukua kisu wanampita nacho, wanakuja hadi kwenye kigoda changu. Hajji mwenyewe hufanya hivyo.

"Mama, hii iko safi?"

Zamani ningejibu kabla hajamaliza. Sasa nakishika kile kisu, namgeukia mume wangu kule kwenye moto, namuuliza, na mimi na mchinjaji sote wawili tunasubiri aseme.